Baba alichimba makaburi ya wengine, lake likakosa mchungaji

Barua za wasomaji hujibiwa na muuguzi mstaafu wa Muheza, mkoani Tanga.

Shikamoo Bibi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34. Kwetu ni milimani Lushoto ila nimeolewa Korogwe. Baba yetu alifariki mwezi Machi. Kijijini kwetu gari halifiki hadi leo. Mgonjwa anabebwa kwa machela mpaka barabarani, mwendo wa saa moja na nusu kushuka. Tangu nipate akili, machela hiyo ilikaa kwetu, darini jikoni, na mtu akigonga usiku wa manane baba ndiye aliyeishusha. Msiba ukitokea, wa Mkristo au wa Muislamu, alitangulia na sururu yake. Jirani yetu alipokufa na mkewe akamfuata, baba aliwachukua watoto wao wawili. Nimekula nao sinia moja, na watu wa mbali hawajui kuwa hatukuzaliwa tumbo moja.

Lakini kanisani hakwenda. Mwaka 1999 mzee wa kanisa alisoma mbele ya watu majina ya wadaiwa wa mchango wa ujenzi, na jina la baba likawamo. Alisimama, akatoka, hakurudi tena. Sasa alipofariki, wazee wakasema hana bahasha, jumuiya hakuhudhuria, meza ya Bwana hakushiriki; basi hakuna mchungaji, hakuna kengele, hakuna kwaya. Kaka yangu alisoma Zaburi ya 23 kwenye Biblia ya marehemu mama, sauti ikamkatikia katikati. Kaburi lilichimbwa na vijana wa msikitini, na mwalimu wao wa madrasa ndiye aliyesema maneno ya kumuaga.

Tangu siku hiyo sijaingia kanisani. Mume wangu ni mzee wa kanisa huku Korogwe, anasema ninawapoteza watoto. Mimi nasema baba alikuwa Mkristo kuliko wote waliomkataa. Kama kuishi kwa ajili ya wenzako ndiyo dini yenyewe, hizi sala na bahasha ni za nini? Nijibu kweli Bibi, usinipoze.

Mtoto wa Mchimba Kaburi, Korogwe

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliisoma nimekaa kwenye kigoda jikoni, kwa sababu nilifika pale kaka yako sauti ilipomkatikia nikashindwa kusimama.

Umesema nisikupoze. Haya. Kati ya mtu anayebeba wagonjwa usiku na kanisani haingii, na mtu anayeingia kanisani kila Jumapili wala hajambeba mgonjwa hata mmoja, yule wa kwanza ndiye aliyeshika lililo kubwa. Silisemi kwa kukuonea huruma. Limeandikwa kwenye kitabu kilekile walichokishika kwapani wazee wale siku walipomkataa baba yako. Fungua Mathayo 25. Mwana wa Adamu ameketi kwenye kiti chake, mataifa yote yako mbele yake, kondoo kulia na mbuzi kushoto. Anataja mambo sita: nilikuwa na njaa, nilikuwa na kiu, nilikuwa mgeni, nilikuwa uchi, nilikuwa mgonjwa, nilikuwa kifungoni. Bahasha haimo. Mahudhurio hayamo. Na wale wa kulia wenyewe wanashangaa, wanauliza ni lini tulikuona, Bwana, tukakuhudumia. Nikifika mstari huo namwona baba yako ameinama, mti wa machela uko begani, macho yako chini asije akateleza kwenye udongo mwekundu wa Lushoto, hana habari na kondoo wala mbuzi.

Na liko la saba. Kanisa lilipopanga yale yanayoitwa matendo ya huruma ya kimwili, lilichukua sita za Mathayo likaongeza moja: kuzika wafu. Lililitoa kwenye habari za Tobiti, mzee aliyekuwa akiwazika ndugu zake waliouawa kule Ninawi, jambo lililomfanya atafutwe na mfalme ili auawe. Wakatoliki huifundisha orodha hiyo mpaka leo, na sisi Waanglikana tuliokulia Magila tulisomewa Tobiti tukiwa wadogo. Sasa pima. Mtu aliyetenda la saba maisha yake yote amekufa, na watu wa Kanisa wamekataa kumtendea lilelile. Wamevunja jambo lao wenyewe, tena jambo ambalo halidai hata senti.

Nakuambia na mahali ninapolitoa hili, usije ukadhani ni maneno ya kusoma tu.

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka 39, nikatumwa Ngara pamoja na wauguzi wengine. Mwishoni mwa Aprili, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walikuwa wamevuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na pale Benaco, palipokuwa pori, ukatokea mji. Tulipofika mvua bado zilikuwa zikinyesha, kuhara damu kumeanza, na Mto Kagera ulikuwa unateremsha maiti kuelekea ziwani. Sitakueleza zaidi ya hapo kuhusu mto.

Jumapili kambini watu walisali. Walisali vizuri, mwanangu, kwa nyimbo za sauti nne, rozari shingoni, watoto wamepangwa mbele. Kinyarwanda sikukijua, lakini tuni nyingine nilizijua tangu utotoni, nikawa naimba chinichini huku nafunga vidonda. Ilichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba miongoni mwa walioimba walikuwamo waliowaua majirani zao, na waliotoa amri. Yuko mtu niliyemfunga kidonda cha kiganja kila asubuhi kwa siku kumi. Alikuwa mpole, alinishukuru kila siku, na kabla sijamgusa alifanya ishara ya msalaba. Siku ya kumi na moja mama mmoja alimwona akiwa kwenye foleni yangu, akaanguka chini akipiga kelele. Yule mtu akaondoka taratibu, hakurudi. Kilichomkata kiganja sikujua hata leo.

Niliporudi Muheza sikuweza kusema Baba Yetu mpaka mwisho. Nilikuwa nafika kwenye «utusamehe» naishia hapo.

Habari nyingine zilinikuta baadaye, kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda zilipokuwa zikisikilizwa Arusha. Kanisa la Nyange, walimokimbilia watu wapatao 1,500, liliangushwa kwa tingatinga wakiwa ndani. Paroko wake, Athanase Seromba, alihukumiwa miaka 15 mwaka 2006, na rufaa ya mwaka 2008 ikamfunga maisha. Paroko, aliyeinua kikombe kwa mikono ileile. Na kule Ruhango kulikuwa na mama aliyejulikana kwa uganga wa miti shamba, Zura Karuhimbi. Aliwaficha nyumbani kwake na shambani zaidi ya watu 100. Alijipaka majani yanayowasha, akaipaka na nyumba, na wauaji walipofika akawatisha kuwa wakivuka kizingiti, mzimu uitwao Nyabingi utawashukia. Waliogopa mizimu ya mama huyu kuliko walivyoogopa msalaba. Alifariki Desemba 2018, na watu aliowaficha wanazaa na kulea.

Ungeniandikia miaka ile, ningekujibu kwa mstari mmoja: achana nao, fuata njia ya baba yako.

Lakini yuko wa tatu, na huyo ndiye aliyenishika mkono. Felicitas Niyitegeka wa Gisenyi alikuwa Mhutu, mwanamke aliyeyatoa maisha yake kwa utumishi wa Kanisa. Aliwaficha Watutsi na kuwasaidia kuvuka mpaka. Kaka yake, afisa wa jeshi, alimpelekea ujumbe kwamba ajiokoe. Akamjibu kwa barua fupi kwamba hataweza kujiokoa kwa kuwaacha watu aliokuwa nao, afadhali afe pamoja nao. Tarehe 21 Aprili 1994 wakauawa, na yeye pamoja nao. Huyu nimemfikiria miaka mingi, nikiosha vyombo, nikingoja basi. Seromba sala hazikumzuia kuua. Zura hakuhitaji kanisa ili aokoe. Felicitas je? Ukimwondolea sala zake, sioni kama unabaki na mwanamke yuleyule aliyeandika barua ile. Kwa hiyo siwezi kukuambia ibada ni upuuzi. Naweza kukuambia tu kwamba haimlindi mtu peke yake, na kwamba Mungu ana watu ambao hawamo kwenye daftari la jumuiya yoyote.

Sasa nakugusa penye kidonda, univumilie.

Baba yako alitoka kanisani kwa kuaibishwa. Kusoma majina ya wadaiwa mbele ya madhabahu ni jambo baya. Nimelipinga kanisani kwangu na nitalipinga mpaka nizikwe. Maskini anakwenda kuonana na Mungu, anakutana na orodha ya madeni. Lakini miaka zaidi ya 20 ni mingi, mwanangu. Mtu aliyemfungulia kila aliyegonga, je, wazee wale walimgongea hata mara moja akakataa kufungua? Au hawakugonga kabisa? Hukuniandikia. Na jambo jingine hukuniandikia: alipougua yeye, machela ilishuka dari? Alikubali kubebwa?

Nauliza kwa sababu nimewauguza wanaume wengi wa namna yake. Wana mikono ya kutoa tu. Ukimletea uji anasema mpe yule wa kitanda cha pili. Ukitaka kumwosha anageukia ukutani. Wema wao ni wa kweli kabisa, nimeuona wodini kwa macho yangu, lakini kupokea kunawauma kuliko ugonjwa wenyewe. Na mtu asiyejua kupokea, akiumizwa na wenzake, hana njia ya kurudi kwao. Anabaki huko nje na uzuri wake wote.

Nalijua hili kwa sababu lilinipata. Baada ya Ngara nilikaa miaka miwili bila kukanyaga kanisa. Nikawa nachukua zamu za usiku za wenzangu. Nikawa nawanunulia dawa wagonjwa kwa mshahara wangu. Na moyoni nikawa nahesabu. Niliwaona akina mama wa kanisa wakipita na sare zao za vitenge, nikasema hao wanaimba, mimi ndiye ninayefanya. Nikawa mkali hata sijijui. Usiku mmoja bibi aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake alimwaga uji sakafuni, nikamfokea mpaka akatokwa machozi, mtu wa rika la mama yangu. Akavua kanga yake ya juu akapangusa sakafu. Kisha akanitazama akasema, «Nesi, umechoka. Njoo ukae.» Akanikalisha pembeni mwa kitanda cha mjukuu, akanimiminia uji uliobaki kwenye kikombe cha bati. Niliunywa. Ndipo nikagundua kwamba kwa miaka miwili sikuwa nimepokea kitu mkononi kwa mtu.

Jumapili iliyofuata nilipanda Magila. Kwetu, wakati wa komunyo, unapiga magoti kwenye reli, unaweka kiganja cha kulia juu ya cha kushoto, unangoja. Huleti kitu. Kulia kwangu alipiga magoti mwanamke aliyewahi kunisengenya mpaka kwa daktari mkuu. Kushoto kwangu alikuwa mzee aliyemnyang'anya mjane wa ndugu yake shamba la michungwa, na Muheza nzima inajua. Sote viganja wazi, kama vifaranga. Nilikasirika kwanza, nusura niinuke. Halafu mkate ukanifikia kabla hasira haijaisha.

Kwangu mimi ibada ni ya hilo. Wiki nzima ni mtoaji: wa dawa, wa ushauri, sasa hivi wa majibu ya barua. Pale ni mwombaji, nimepanga foleni moja na watu nisiowapenda, na sina la kujivunia mbele yao. Hainifanyi bora kuliko baba yako. Inanizuia nisianze kujiabudu, kwa sababu nilishaanza. Ukiniambia wewe hilo unalipata penginepo, shambani kwa mfano, sitabishana. Ila lipate mahali.

Basi usirudi kanisani kwa kuwa mumeo ana cheo na watu wanasema. Na wewe mume, najua utasoma: mwanangu, acha kumwambia mkeo kwamba anapoteza watoto. Mfiwa haambiwi hivyo. Panda naye Lushoto. Nenda kwa mchungaji wa kule, wewe mzee wa kanisa mwenzao, umweleze kwa adabu kwamba baba mkwe wako alifukiwa bila sala, na mnaomba aje kaburini siku ya kuweka msalaba. Akikataa, panda ngazi, kwa mkuu wake. Mzigo huo ni wako, usimwachie yeye, maana wewe ndiye unayeijua lugha yao.

Nawe binti, kabla ya yote hayo, nunua sukari na mchele, upeleke kwa mwalimu wa madrasa na vijana wale waliochimba. Uwaambie ni ahsante ya baba, kwani yeye hakuipata nafasi ya kuitoa. Watoto wako wakiuliza kwa nini babu hakusaliwa, waeleze yote: machela, sururu, watoto wa jirani, na hilo la kutoka kanisani asirudi. Wasimjue nusu.

Umeandika kuwa machela ilikaa darini. Mwulize kaka yako kamba zake zina hali gani, na kama ameshapata mtu wa kubeba upande wa pili.

Assalaam aleikum Mama.

Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Mombasa. Mama yetu ana kisukari, anadungwa sindano ya insulini kila siku, na dawa nanunua mimi, chakula mimi, kumpeleka hospitali mimi. Kaka yangu mkubwa hakosi swala ya jamaa msikitini, yuko safu ya kwanza, paji lake la uso lina alama ya sijda. Kwa mama hupita Ijumaa baada ya swala, akae dakika kumi. Mimi sitadanganya, naswali Ijumaa na Ramadhani tu. Juzi tulipokosana aliniambia mema yangu yote ni majivu. Ni kweli?

Dereva, Kisauni

Waaleikum salaam mwanangu. Mimi si wa dini yako, lakini nyumba yetu ya Kibondei ina pande zote mbili. Baba yake mama yangu alikuwa Muislamu, na binamu yangu anasomesha chuo cha Kurani Pangani. Nilimpigia simu tukazungumza karibu saa nzima kabla sijaandika.

Hayo majivu yamo katika Surat Ibrahim: matendo ya waliomkufuru Mola wao ni kama majivu yaliyovumiwa na upepo siku ya dhoruba. Waliomkufuru. Wewe unamwamini Mola wako, ila swala umezilegea, na wanazuoni wengi hawayafanyi hayo mawili kuwa kitu kimoja. Binamu yangu alisema aya nzito namna hiyo mtu aogope kumtwisha ndugu yake.

Tena akaniambia nimwambie kaka asome Surat Maun, ni fupi, kila mtoto wa chuo anaijua. Inaanza na anayemsukuma yatima na asiyehimiza kulisha masikini, kisha inasema ole wao wanaoswali, wanaopuuza swala zao, wanaojionyesha na kuzuia maun. Neno hilo wafasiri wengi wanalieleza kuwa ni vitu vidogo vya nyumbani ambavyo majirani huazimana: chungu, ndoo, shoka, chumvi. Ole inamfikia anayeswali akanyima ndoo! Sasa dawa ya mama mzazi tuiweke fungu gani? Na iko hadithi ya Mtume ya muflisi, mtu ajaye Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akala mali ya yule, akampiga mwingine. Thawabu zake zikagawiwa kwao mpaka zikaisha.

Ungependa nikomee hapo, lakini nikikomea hapo nitakuwa nimekupendelea. Bibi Aisha alimuuliza Mtume kuhusu Ibn Jud'an, mtu wa Makka wa zama za ujahilia, kabla ya Uislamu, aliyekuwa akiunga udugu na kulisha masikini. Je, yatamfaa? Mtume akasema hayatamfaa, kwa kuwa hakuwahi kusema siku hata moja: Mola wangu, nisamehe makosa yangu Siku ya Malipo. Imo katika Sahihi ya Muslim. Nilipoisikia mara ya kwanza ilinichoma, nikamwambia binamu yangu haki iko wapi. Alinyamaza, akasema, «Dada, sikiliza kilichomkosesha.» Nikasikiliza. Ibn Jud'an alikuwa mtoaji, hakuwahi kuwa mwombaji. Msomaji wangu wa Korogwe hapo juu, na wewe usome.

Kwa hiyo usiifanye insulini ya mama kuwa swala yako. Ni haki ya mama, na Mola ana yake.

Huko kwenu Kenya mnayo kumbukumbu ambayo sisi huku tunawaonea wivu. Novemba 2014, kaunti ya Mandera, abiria 28 wasio Waislamu walitengwa kwenye basi wakauawa na wapiganaji wa al-Shabaab. Desemba 2015 basi jingine likasimamishwa na watu wa aina ileile, abiria wakaamriwa wajitenge. Waislamu wakakataa. Akina mama wakawapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Nairobi Januari 2016. Huwa najiuliza: pale alikuwa anaitekeleza dini yake, au anajitoa kwa ajili ya wenzake? Mimi nimeshindwa kuitia kisu habari hiyo nipate vipande viwili.

Fanya hivi. Mwendee kaka yako msipokuwa na hasira. Mwambie kuanzia wiki hii alasiri mpaka magharibi akae yeye na mama, amsomee Kurani, ajifunze kupima sukari na kudunga sindano, maana siku tuktuk ikikukwamisha Likoni nani atamdunga? Na wewe saa hizo nenda ukajaze pengo lake msikitini. Nafasi ya safu ya kwanza itakuwa wazi.

Bibi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Singida vijijini. Mshahara ukikatwa mikopo unabaki kidogo, na fungu la kumi nimelitoa kila mwezi tangu niajiriwe. Sasa kuna mwanafunzi wangu wa darasa la tano, yatima, hana sare wala mchango wa chakula cha mchana, anashinda na njaa. Nikimsaidia, fungu la kumi mwezi huu halitatimia. Ni dhambi?

Marahaba mwalimu. Soma Marko 7, ule mstari wa 9 hadi 13. Yesu aliwakemea watu waliokuwa wakisema mali hii ni Korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wapate sababu ya kuwaacha wazazi wao bila kitu. Wewe si kama wao, wewe unaumia, lakini jibu lake ni lilelile. Mlipie mtoto chakula kesho asubuhi, usingoje Jumapili. Sare mnunulie kaptula mbili, maana mtoto wa darasa la tano moja huichana makalioni kabla ya muhula kwisha.